U Mtoto wa Nani? Neno Juu ya Thamani ya Mtu

Katika vijiji vya Katanga, mgeni akifika jioni na kupewa kiti na maji, haulizwi kwanza ana fedha kiasi gani. Wazee humwuliza, "U mtoto wa nani?" Akiisha kumtaja baba yake, na ukoo wake, na kijiji alikozaliwa, huenda mzee mmoja akasema, "Kumbe, babu yako nalimjua!" Na tangu hapo mgeni si mgeni tena. Lakini mtu huyo huyo akiingia mjini Lubumbashi, swali lageuka. Huko huulizwa, "Wafanya kazi gani?" Nalo jibu lake ndilo litakaloamua kama atapewa kiti, au ataachwa amesimama mlangoni.

Maswali hayo mawili ni mizani miwili ya kumpimia mtu. Wa kwanza humpima kwa watu wake. Wa pili humpima kwa kazi yake na mali yake. Mkatekumeni anayejitayarisha kwa ubatizo yampasa kuyafikiri yote mawili. Siku ya ubatizo naye ataulizwa, atapewa jina, na kuhesabiwa katika watu wa Mungu. Basi yafaa ajue ni kitu gani kitakachobadilika siku ile, na ni kitu gani kilichokuwako tangu mwanzo. Asiyeyajua hayo aweza kumwagiwa maji kichwani, na moyo wake ukabaki bado mtumwa wa macho ya watu.

SHABA NA BEI YA MTU

Nchi ya Katanga ni nchi ya shaba. Kabla Wazungu hawajafika, mafundi wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha mawe ya kijani katika tanuru za udongo, wakaimimina shaba, nayo ikatoka katika umbo la msalaba. Misalaba ile haikuwa alama ya dini, ilikuwa fedha. Kwa hiyo watu walinunua vitu, kwa hiyo walilipa mahari, na wengine walizikwa nayo kaburini. Kila msalaba ulikuwa na bei yake, na kila kitu kilikuwa na hesabu yake ya misalaba.

Mwaka 1906 ikaanzishwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 mji wa Élisabethville, ambao tangu 1966 waitwa Lubumbashi, ulianza kujengwa, na mwaka 1911 tanuru kubwa ya kampuni ikatoa shaba yake ya kwanza. Vijana wakatoka vijijini kwenda kutafuta mshahara. Kila aliyefika kazini aliandikwa kitabuni akapewa namba, ndiyo matrikule. Kwa namba hiyo alipokea mshahara wake, kwa namba hiyo alipokea posho ya unga, kwa namba hiyo kapita alimwita kazini. Nyumbani alikuwa baba wa fulani na mwana wa fulani; katika kitabu cha kampuni alikuwa namba.

Namba yenyewe si dhambi. Karani hawezi kuhesabu maelfu ya watu pasipo namba. Ubaya huanza pale mtu mwenyewe anapojitazama kama kitabu kile kinavyomtazama, akasema moyoni, "Nina thamani maadamu mikono yangu ina nguvu." Siku mikono itakapodhoofika, atasemaje?

Baadaye ikaja kadi. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilianza kuwapa kadi ya sifa njema wale Wakongo walioonekana wameendelea. Na mwaka 1952 ikaweka cheo kingine kilicho juu zaidi, cha kuandikishwa na kuhesabiwa karibu sawa na Wazungu mbele ya sheria. Aliyekiomba cheo hiki alichunguzwa masomo yake na mwenendo wake, hata maisha ya nyumbani mwake. Waliokubaliwa walikuwa wachache sana. Tazama jambo lenyewe: mtu mzima, baba wa watoto, apeleka ombi ili mtu mwenzake amthibitishie kwamba amekuwa mtu! Tena wako walioipata kadi wakaanza kuwaita ndugu zao wa kijijini wasenji. Kadi iliyompandisha mmoja ilimfundisha kuwashusha wengine. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikapata uhuru, na kadi zile zikawa karatasi tupu.

Kampuni nayo ilidumu zaidi kuliko kadi. Iliwapa wafanyakazi nyumba, hospitali, shule za watoto, na unga wa kila juma, hata watu wakazoea kusema kwamba kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Mwaka 1967 serikali ikaitwaa kampuni, na baadaye ikajulikana kwa jina la Gécamines. Lakini moyo wa watu ulikuwa ule ule. Kuwa mtu wa Gécamines kulikuwa kuwa mtu. Kisha machimbo yakaanguka, mishahara ikachelewa miezi na miezi, na katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa malipo ya mara moja. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikwisha kuandika kitabu mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi hao. Katika jina la kitabu aliwaita bana shaba, yaani watoto wa shaba, walioachwa na baba yao.

Neno hilo ni zito, na mkatekumeni alishike vema. Watu hawa hawakulia kwa sababu ya njaa peke yake. Walilia kama yatima. Walikuwa wameulizwa, "U mtoto wa nani?" nao walikuwa wamejibu, "Mtoto wa shaba." Na shaba haina moyo wa baba.

Hapo yapatikana kanuni ya kwanza: thamani aliyoitoa mtu, mtu aweza kuitwaa tena. Nguo ya kuazima haisitiri mwili. Mwenyewe akija, utabaki uchi.

JE, UKOO WATOSHA?

Labda mtu wa kijiji atasema, "Hayo ni mambo ya mjini. Sisi twapimana kwa ukoo, na ukoo haufukuzi mtu kazini." Kweli, swali la kijiji ni bora kuliko swali la mjini. Latambua kwamba mtu hakujizaa mwenyewe, wala hawi mtu peke yake. Wahenga walisema, "Mwacha asili ni mtumwa," nao walisema kweli.

Lakini ukoo nao una mlango, na nje ya mlango huo wamesimama watu. Yuko yatima ambaye hakuna anayekubali kumlisha. Yuko mjukuu wa mtu aliyetekwa zamani, ambaye kila ugomvi ukitokea hukumbushwa kwamba babu yake alinunuliwa. Yuko mwanamke asiyezaa, ambaye shemeji zake wamwita mti mkavu. Na katika siku hizi yako maovu makubwa zaidi: mtoto mdogo, mzazi wake akifa au biashara ya nyumba ikiharibika, hushtakiwa kwamba yeye ndiye mchawi, hupigwa, hufukuzwa. Watoto wa namna hii wengi wamekuwa wakilala katika barabara za Lubumbashi, na watu wakawaita shege. Ukimwuliza mtoto kama huyo, "U mtoto wa nani?" atatazama chini.

Basi ukoo ni zawadi ya Mungu, lakini si msingi wa mwisho. Ukoo ukikukana, je, umekoma kuwa mtu?

JIBU LA IMANI

Imani yajibu: La, hujakoma. Maandiko Matakatifu, katika ukurasa wao wa kwanza, yafundisha kwamba Mungu alimwumba mtu kwa mfano wake mwenyewe, mwanamume na mwanamke. Hayasemi kwamba alimwumba mfalme kwa mfano wake, au msomi, au mwenye watoto wengi. Yasema mtu. Basi kila aliye mtu anao mfano huo, na hakuna karani aliyeuandika wala awezaye kuufuta.

Tena yafaa kutazama jambo lililotokea mtoni Yordani. Yezu alipobatizwa na Yoane, sauti ya Baba ilisikika ikimtaja kuwa Mwana wake mpendwa, anayependezwa naye. Je, Yezu alikuwa amekwisha kufanya nini mbele ya watu? Hakuwa bado amemponya mgonjwa hata mmoja, wala kulisha makutano, wala kuhubiri mlimani. Alikuwa seremala wa Nazareti. Mapendo ya Baba yalitangulia, kazi ikafuata. Watu hufanya kinyume: kwanza huangalia kazi, kisha hutoa mapendo kwa kipimo, kama posho.

Hata katika kambi za shaba neno hili lilisikiwa. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, na mwaka 1945 kitabu chake juu ya mawazo ya Wabantu kilitolewa Élisabethville. Alikuwa amefundisha miaka mingi akaona kwamba watu hujibu maswali ya katekismu, lakini mioyo yao imekaa mbali. Basi akaanza kuwauliza watu wenyewe: mtu hutamani nini kuliko vyote? Majibu yao yakakusanywa katika maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Kutoka mwaka 1953, karibu na Kolwezi, wachimbaji na wake zao wakakutana naye, wakaitwa Jamaa. Hapo mume aliyekuwa namba kazini aliketi kando ya mke wake, wakafunguliana mioyo yao mbele ya Mungu. Baadaye wengine walipotoka katika njia, na maaskofu wakaweka mipaka; hata jambo jema lahitaji kuongozwa. Lakini lililo kweli hubaki: mtu hujitambua kuwa mtu anapokutana na yule anayempenda, naye Mungu ndiye apendaye wa kwanza.

SWALI GUMU

Hapa mkatekumeni mwenye akili atauliza: "Ikiwa kila mtu ana thamani kwa kuwa ameumbwa na Mungu, ubatizo wa nini? Na ikiwa ubatizo ndio unipao thamani, je, mama yangu asiyebatizwa hana thamani?"

Swali hili si la mchezo. Wako waliobatizwa ambao hawakulijibu, na matendo yao yakawa aibu kwa Eklezia. Mfano wake ni huu. Kijana mmoja asoma katekismu katika misioni, abatizwa, aitwa Josefu. Arudi kijijini kando ya Lufira. Mama yake mzee ampikia bukari na sombe, yeye asita kula, asema, "Chungu hiki ni cha wapagani." Mama hakasiriki, bali amwuliza polepole:

"Mwanangu, kabla hujaitwa Josefu, nani alikuweka tumboni mwangu?"

"Mungu, mama."

"Basi huyo Mungu aliyekujua wewe ulipokuwa tumboni, mimi niliyekubeba hakunijua?"

Kijana hana neno la kujibu. Mama hajui katekismu, lakini amelifahamu fumbo la kwanza kuliko mwanawe. Kijana huyu ameufanya ubatizo wake kuwa kadi, kama zile kadi za mwaka 1948. Ametoka katika kuwaogopa Wazungu, ameingia katika kuwadharau wazazi. Mtumwa amebadili bwana tu, hajawa huru.

Jibu la kweli lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza: ubatizo hauanzishi thamani ya mtu, kama vile moto wa tanuru hautii shaba ndani ya jiwe. Shaba ilikuwamo tangu Mungu alipoiumba milima. Mpumbavu aliyepita juu ya jiwe la kijani akalipiga teke, hakuiondoa shaba iliyomo. Vivyo hivyo mama yule mzee, na mtoto wa barabarani, na adui pia: mfano wa Mungu umo ndani yao, hata kama umefunikwa na matope ya dhambi na ujinga.

Sehemu ya pili: ubatizo hata hivyo watoa kitu kipya kabisa, ambacho hakuna mtu awezaye kujipatia. Mtoto yatima alalaye barabarani ni mtu kamili. Lakini akija mtu mwema, akamwingiza nyumbani, akampa jina lake, akamketisha mezani pamoja na wanawe na kumwandikia urithi, je, hakupata kitu? Amepata baba. Ndivyo afanyavyo Mungu katika ubatizo. Aliyekuwa kiumbe cha Mungu awa mwana wa Mungu. Dhambi yaondolewa, neema yaingia, na rohoni hutiwa alama isiyofutika. Wala neema hiyo hakuistahili kwa kazi yake. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorinto kwamba wamenunuliwa kwa bei. Mtu wa Katanga alifahamu neno hili upesi, kwa kuwa katika nchi yake msalaba ulikuwa fedha. Lakini bei ya mtu haikulipwa kwa misalaba ya shaba. Ililipwa juu ya msalaba mmoja wa mti, naye aliyelipa hakutoa mali yake, alijitoa mwenyewe. Kitu kilichonunuliwa kwa damu ya Mwana wa Mungu, nani atakiita kitu cha bure?

Kwa hiyo aliyebatizwa kweli hawezi kumdharau asiyebatizwa. Mtoto aliyechukuliwa barabarani akiwacheka wale walioko nje bado, amesahau jana yake, tena hamjui baba aliyemchukua. Maana baba yule angali mlangoni, akiwatafuta na wengine.

MASHAHIDI WAWILI

Eklezia haifundishi kwa maneno peke yake, hutaja watu.

Wa kwanza ni Mwenye Heri Isidore Bakanja, Mkongo wa Equateur. Alizaliwa wakati nchi ilipokuwa mali ya mfalme Leopold II. Alikuwa msaidizi wa waashi huko Mbandaka, na tarehe 6 Mei 1906 akabatizwa. Tangu siku hiyo alivaa skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Akaenda kufanya kazi Ikili, katika shamba la kampuni, na msimamizi wa shamba akachukizwa na dini yake, akamwamuru aivue skapulari. Bakanja alikuwa mtumishi mwema, akatii amri za kazi; amri hii hakuitii. Akapigwa vibaya sana kwa kiboko chenye misumari, akafungwa minyororo. Vidonda vyake vikaoza. Aliteseka miezi mingi, akamsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea mbinguni. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909. Baba Mtakatifu Yoane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Mtu aweza kusema, "Skapulari haikumsaidia." Angesema kweli, kama skapulari ingekuwa hirizi. Hirizi huvaliwa ili fimbo isimpate mtu, nayo fimbo ilimpata Bakanja. Skapulari ilikuwa alama ya yule aliye wake. Msimamizi aliweza kuamuru mikono yake, wakati wake, hata mgongo wake aliupasua. Lakini hakuweza kumwamuru Bakanja akane kwamba yeye ni mtoto wa Mungu. Na tazama heshima ya msamaha ule: mtumwa humwogopa bwana wake au humchukia; mtu huru peke yake ndiye awezaye kumsamehe. Mjini Lubumbashi Wasalesiani wa Don Bosco walianzisha nyumba ya kuwapokea watoto wa barabarani, nao wakaipa jina la Bakanja. Jina hilo limewekwa mahali pake.

Wa pili ni Mtakatifu Josephine Bakhita wa Sudani. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa mara nyingi, akatiwa makovu mwilini kwa kisu na chumvi. Kwa ajili ya hofu alisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Jina la Bakhita alipewa na waliomteka, kwa dhihaka. Maana yake ni mwenye bahati, na neno la Kiswahili bahati lina asili moja nalo. Baadaye alipelekwa Italia. Tarehe 29 Novemba 1889, mjini Venice, ilitangazwa kisheria kwamba yeye si mtumwa. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa. Akawa mtawa wa Wakanosa, akatumika jikoni na mlangoni mwa nyumba ya watawa huko Schio, akafa tarehe 8 Februari 1947. Mwaka 2000 Yoane Paulo II alimwandika katika orodha ya watakatifu.

Mama huyu hakuweza kulijibu swali la kijiji: jina la baba yake lilipotea. Wala hakuweza kulijibu swali la mjini: kazi yake ilikuwa ya mtumwa. Lakini alipojifunza katekismu alisikia kwamba yuko Bwana aliye juu ya mabwana wote waliomnunua, na kwamba Bwana huyo naye alipigwa mijeledi, tena alikuwa akimngojea. Jina la dhihaka likageuka kuwa kweli.

Mtu asitumie mifano hii kusema kwamba kiboko ni kizuri, au kwamba maskini anyamaze. Aliyempiga Bakanja alitenda dhambi kubwa, na biashara ya watumwa ni uovu uliao mpaka mbinguni. Ikiwa mtu ana mfano wa Mungu, basi kumdhulumu mshahara wake, kumwingiza mtoto katika shimo la machimbo, kumwoza binti kwa nguvu, ni kumgusa Mungu mwenyewe. Mkristu aijuaye thamani yake huitetea na ya jirani yake.

JINA LAKO

Limebaki neno juu ya jina. Wakatekumeni wengi hungojea jina jipya kama nguo mpya ya sikukuu. Ni vema, jina la mtakatifu ni jina la rafiki aombaye mbinguni. Lakini yafaa wakumbuke mwaka 1972. Mwaka ule serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikataza majina ya Kikristu, ikaamuru watu wote watumie majina ya mababu. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa muda. Katika vitambulisho vya serikali akina Petro na Maria wakatoweka.

Je, ubatizo wao nao ulitoweka? Hata kidogo. Alama ya ubatizo haikuandikwa katika kitambulisho. Wengine waligundua wakati ule kwamba walikuwa wameishika sauti ya jina bila kumshika Kristu. Na wengine, walioitwa kwa jina la babu yao tu, waliendelea kusali, kusamehe na kufika Misa. Tena Mungu aliwafundisha wote wawili, serikali na Wakristu, kwa njia yake. Tarehe 15 Agosti 1985 Sista Anuarite Nengapeta, shahidi wa Isiro aliyeuawa mwaka 1964, alitangazwa Mwenye Heri mjini Kinshasa. Mwaka 1994 akafuata Bakanja. Majina ya mababu sasa yanatajwa altareni. Mwenyezi Mungu hamwombi mtu aukane ukoo wake ili awe mwanawe. Huuingiza ukoo wake nyumbani mwake.

Mkatekumeni atajuaje kwamba ameanza kulifahamu fundisho hili? Alama ni tatu. Ya kwanza, haoni haya kutaja alikotoka: kijiji chake, mama yake, umaskini wake. Ya pili, hamdharau mtu, wala hatetemeki mbele ya mtu; mwenye gari na mwenye kubeba makala juu ya baiskeli awasalimu kwa moyo mmoja. Ya tatu, hajiuzi: hauzi kura yake, hauzi ushahidi wake barazani, hauzi mwili wake, kwa kuwa ajua kwamba bei yake ilikwisha kulipwa, na hakuna mnunuzi awezaye kuifikia.

Aliye na alama hizo, hata akifukuzwa kazini kesho, hata ukoo ukimgeuzia mgongo, ataweza kusimama na kusema bila kiburi na bila machozi, "Mimi ni mtoto wa Baba aliye mbinguni." Naye akimwona mwingine ametazama chini kwa kukosa jibu, hatapita. Ataketi kando yake, na kumwambia kwamba yeye pia ana Baba.

MASWALI YA KUFIKIRI NYUMBANI

1. Ni kitu gani ambacho kikiondolewa kwako leo, utajiona si mtu tena? Nani alikupa kitu hicho?

2. Ubatizo unatoa nini ambacho mtu hakuwa nacho? Na ni nini alichokuwa nacho kabla ya ubatizo?

3. Kwa nini skapulari ya Bakanja si hirizi?

4. Katika kijiji chenu ni nani ambaye watu hawamtaji jina lake? Je, ulikwisha kumwita kwa jina hilo?